Kashata ya kalanga: ni ya Kigoma, ya Wahindi, ama ya kwetu?



Kwenye mkutano mkuu uliopita, jambo moja dogo lilikula saa mbili nzima. Tulikuwa tunatafuta jina la kuandika kwenye mifuko ya kashata ambayo wamama wa chama wanauza. Kundi moja lilitaka iandikwe “Kashata ya Kigoma”, sababu njo kule tulikojifunza kuipika. Kundi lingine lilikataa kabisa. Walisema: tayari mitaani tunaitwa “watu wa Tanzania”, tayari kwenye mambo ya shamba tunaambiwa turudi tulikotoka, sasa tujiandikie wenyewe kwenye mfuko? Mzee mmoja wa Kabambare akamaliza kuchafua maji. Alisema hata Kigoma si kwao, hiyo kitu ni ya Wahindi. Na kwenye barua zilizotufikia, mfadhili mmoja ameuliza kwa heshima kwa nini franka za mfuko wa msaada zinunue sukari wakati kuna watu ambao bado hawana mabati.

Mkutano uliamua kwamba kabla ya kupiga kura, historia iandikwe. Hii hapa.

Tuanzie kwa mzee wa Kabambare, sababu ana haki nusu. Ufundi wa kuchemsha maji ya muwa mpaka yawe sukari ngumu ulianzia India. Hata neno lenyewe “sukari” lilitoka katika lugha ya zamani ya kule, likapita kwa Waajemi na Waarabu mpaka likafika kwetu. Ile sukari ya rangi ya udongo, isiyosafishwa, ambayo pwani wanaiita sukari guru, inabeba neno la Kihindi bila kubadilika sana: kule wanasema gur. Wanakamua muwa, wanachemsha maji yake katika karai pana, povu linatolewa, na kinachobaki kinagandishwa mabonge. Ufuta nao ni mtu wa kule. Punje zake zilizoungua zimechimbuliwa katika mji wa zamani wa Harappa, na umri wake ni zaidi ya miaka 4,000. Mpaka leo, katikati ya mwezi wa Januari, wakati wa sikukuu yao ya jua, Wahindi wa Gujarat na Maharashtra wanagawiana peremende ya ufuta na guru. Ile ya kalanga wanaiita chiki. Mji wa Lonavala, kwenye reli kati ya Mumbai na Pune, unajulikana India yote kwa chiki inayouzwa kwa wasafiri wa treni, kama vile sisi tunavyojua samaki wa kukaushwa kwenye bandari.

Lakini angalieni kalanga. Kalanga si Mhindi. Kalanga ilitoka Amerika ya Kusini, na ni mashua za Wareno zilizoitawanya baada ya mwaka wa 1500, upande wa Afrika na upande wa India vilevile. Huku kwetu ilikuta njugu mawe tayari shambani, ikakaa kando yake, na kwa wingi ikaishinda. Kwa hiyo Mhindi naye, siku aliyomwaga kalanga katika guru yake, alikuwa anapika kitu cha mgeni. Hakuna mtu aliyemwambia arudi alikotoka.

Sasa, kutoka Gujarat mpaka Kasongo kuna njia, na hiyo njia ina majina ya watu. Pale Zanzibar, katika karne ya 19, pesa ya misafara ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Mkubwa wao mmoja alikuwa Taria Topan, Mhoja aliyezaliwa Kutch mwaka wa 1823. Ni yeye aliyemkopesha mali Hamed bin Mohammed, ambaye sisi sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Mali yenyewe ilikuwa vitambaa na shanga: merikani iliyotoka Marekani, kaniki iliyotiwa rangi India. Mali iliondoka pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Mtowa, ikapanda Kabambare, ikateremka Kasongo na Nyangwe. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia ileile. Tippu Tip alikaa Kasongo kuanzia miaka ya 1870, akaondoka moja kwa moja mwaka wa 1890, akafa Zanzibar mwaka wa 1905. Habari zake alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na Taria anatajwa humo kama mtu wa kutuma barua na kudai hesabu. Mkopeshaji ni mkopeshaji.

Kasongo ya wakati ule haikuwa hapa mjini tunapofanyia mikutano. Ilikuwa pale Tongoni. Tongo ni mahali watu walipokaa wakahama, na jina limebaki kama kibao. Jeshi la Dhanis liliingia mwezi wa Aprili 1893. Daktari wao, Mwingereza Sidney Hinde, aliandika kitabu kilichochapwa 1897, na ndani yake anahesabu vitu walivyokuta: ghala zimejaa mchele, kahawa na mahindi, bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe, na ndani ya nyumba mishumaa, viberiti, gilasi, na sukari. Askari wa Ulaya waliokuwa wamesahau ladha ya sukari waliikuta Kasongo! Hapo tunapenda kusimama kidogo. Watoto wetu shuleni wanafundishwa kwamba maendeleo yaliingia na Wabelgiji. Sukari ilikuwa imetangulia, pamoja na mchele ambao mpaka leo Maniema inaringia.

Basi hesabu ni rahisi. Sukari ilikuwepo. Kalanga zilikuwepo mashambani. Na waungwana waliotoka pwani, mahali ambapo kashata inaliwa pamoja na kahawa chungu, walikuwepo, wao na wake zao na wapishi wao. Sisi tunaamini kashata ilipikwa Tongoni kabla baba wa baba zetu hawajazaliwa.

Ila hatutaki mtu yeyote asome maneno haya akafikiri tunalilia zamani za Waarabu. Wazee wa Kibangubangu na wa Kibuyu waliposikia habari ya “kashata ya waungwana” walinyamaza, na tunajua kwa nini. Njia iliyoleta sukari njo ileile iliyobeba watu. Livingstone alilala Kabambare na vidonda vya miguu tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871. Yeye aliandika Bambarre. Kisha akafika Nyangwe, akawa anapenda kwenda kutazama soko: wamama mia na mia, na samaki, kuku, chumvi, mafuta ya ngazi, unga wa muhogo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara waliwafyatulia bunduki wamama wale hapo sokoni. Wengine wakajitupa mtoni na maji yakawachukua. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Waliouawa walikuwa wauzaji wa chakula, watu wa kazi ileile wanayofanya wamama wa chama leo.

Na upande wa pwani, sukari yenyewe haikuwa na mikono safi. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri, yule aliyepigana na Wadachi mwaka wa 1888, alikuwa na shamba lake la miwa huko. Kati ya watumwa waliofika pwani wakati ule, wengi waliitwa Wamanyema, yaani watu wa huku. Kwa hiyo mtu wa Maniema aliuzwa, akalima muwa, muwa ukawa sukari, sukari ikapanda mgongoni mwa mtu mwingine mpaka Kasongo. Mtu akituuliza kashata ni ya nani, lazima hata hiyo tuihesabu.

Wamanyema hawakuishia mashambani. Wengine walikwenda kama wapagazi, wengine kama askari, wengine walijikomboa, wengine walifuata ndugu. Ujiji ikawa mji wao. Tabora, Buyenzi kule Bujumbura, Dar es Salaam, kote waliweka mitaa, wakajenga misikiti, wakaoana. Sisi tuliofika Kigoma tukikimbia vita tulishangaa kukutana na bibi wa Ujiji anayesema kabila lake ni Mmanyema, anayetaja Kasongo kama mtu anayetaja kijiji cha mjomba, na miguu yake haijawahi kukanyaga huku. Hao bibi njo walikuwa wanauza kashata.

Hapo ubishi wa “Kigoma” na “kwetu” unapoteza nguvu kidogo, ama siyo?

Wakati wa Wabelgiji tupite haraka, maana kashata haikuwa na nafasi. Majaribio ya pamba yalianza Nyangwe mwaka wa 1915, na sheria ya mwaka wa 1917 ikaleta kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka. Wazee wanakumbuka fimbo na Cotonco, hawakumbuki peremende. Kalanga zilibaki shamba la wamama, za kutwanga katika sombe na za kukalanga jioni. Sukari ikawa kitu cha duka, na duka lilikuwa la mgeni. Kisha uhuru. Kisha 1964, uasi wa Simba, na Kasongo na Kabambare zikawa katikati ya moto. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazairwa. Wagiriki, Wareno na Wahindi wakaondoka, na maduka mengi yakafa mikononi mwa waliogawiwa. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kiliendelea kutulisha mashariki yote, lakini vita ya 1996 ikakisimamisha. Tangu hapo bei ya sukari huku inafuata hali ya barabara. Mvua ikikata daraja, chai inanyweka bila kitu.

Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilitutoa. Watu wa Kabambare wengi walipita Fizi mpaka ziwani. Wa Kasongo, kila mtu na njia yake. Wengine walikaa Nyarugusu, wengine Lugufu, wote wa mkoa wa Kigoma. Chakula cha kambi mnakijua: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi. Kitamu hakikuwamo. Mama aliyepata vikombe viwili vya kalanga kwa kubadilisha unga, na nusu kilo ya sukari kwa kufulia watu nguo, aliweza kutoa vipande vya kashata, akaviuza kimoja kimoja mlangoni mwa shule, akanunua sabuni. Ni biashara isiyotaka meza, friji, wala kibali cha mtu. Ukifukuzwa mahali, unabeba sinia yako kichwani. Wengi wa watoto waliosoma sekondari kule walisomeshwa na hilo sinia, na baadhi yao leo ni walimu hapa hapa.

Kuanzia Oktoba 2005 meli za kurudisha watu zilianza kutoka Kigoma kwenda Baraka. Lugufu ilifungwa 2009. Tulirudi na vitu vilivyohesabiwa: mablanketi, masufuria, majembe. Ufundi wa kashata haukuandikwa kwenye karatasi yoyote ya msaada. Kutoka Baraka mpaka Kabambare, na kutoka Kabambare mpaka Kasongo, kila mtu anajua mwenyewe alifika namna gani.

Sasa mapishi, sababu wanachama wapya wanaomba na sababu humo pia kuna historia. Kalanga na sukari ziwe sawa kwa uzito. Kwa kopo, hiyo ni kama makopo mawili ya kalanga kwa kopo moja na nusu hivi la sukari. Kwanza unachagua kalanga. Unazikalanga kwa moto mdogo wa makala, bila mafuta, mpaka ganda jembamba linatoka ukizisugua kati ya viganja. Unapepeta. Unavunja nusu-nusu, usitwange. Sukari unaiweka katika sufuria nzito na maji kidogo sana, unakoroga mpaka iyeyuke, kisha unaacha kukoroga. Hapo wengi wanaharibu: ukiendelea kukoroga, sukari inarudi kuwa mchanga. Ikianza rangi ya asali, dondosha tone katika kikombe cha maji baridi. Tone likivutika kama gamu, bado. Likivunjika na sauti, tayari. Moto wake hapo ni kama digrii 150, na ukikurukia mkononi utakumbuka. Mwaga kalanga zikiwa bado na joto, geuza haraka, mimina juu ya ubao uliopakwa mafuta ya kalanga, bonyeza na chupa, na kata kabla haijapoa. Ukichelewa, utakata na nyundo. Ufuta unafanywa vilevile, ila unaungua upesi, macho yasitoke kwenye sufuria.

Mwenye kupata sukari guru aitumie. Inashika vizuri zaidi na ina ladha ya moshi ambayo sukari nyeupe haina. Huku kwetu miwa inaota vizuri kando ya mito na watoto wanaitafuna tu. Mtu akianza kuichemsha Kabambare kama inavyochemshwa Gujarat, hatutategemea tena lori. Hilo wanachama wawili wa Wamaza wamesema watalijaribu msimu wa ukavu.

Kuhusu kuchagua kalanga, hatufanyi mchezo. Kalanga iliyopata unyevu ghalani inashika kuvu, na kuvu hiyo inatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inakula ini. Ilijulikana mwaka wa 1960, kule Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya kalanga. Mwaka wa 2004 huko Kenya sumu hiyohiyo, katika mahindi, iliua watu 125. Moto wa kukalanga hauimalizi, na sukari inaficha uchungu wake. Kwa hiyo kalanga iliyokunjamana, yenye rangi ya kijani au nyeusi, inatupwa; haipewi kuku wala haikamuliwi mafuta. Wamama wa Kasongo wanakaa watatu juu ya kila gunia, na mwenye gunia haruhusiwi kuwa mmoja wa hao watatu. Kanuni hiyo ilileta maneno mwanzoni. Sasa maneno yameisha, na wanunuzi wa Salamabila wanatuuliiza kwa jina.

Kwa mfadhili wetu aliyeuliza habari ya mabati: swali ni zuri, na tunajibu bila kuzunguka. Bati linanunuliwa mara moja, na mwenye nyumba anashukuru. Sukari ya mfuko inakopeshwa kwa mama, anapika, anauza, anarudisha sukari kwa kipimo kilekile, si kwa franka, sababu franka inashuka thamani na kipimo hakishuki. Sukari ileile inakwenda kwa mama mwingine. Kuna waliolala chini ya bati walilolinunua kwa njia hiyo. Mama aliyefiwa au mgonjwa hadaiwi msimu huo; wenzake wa kundi wanajaza. Katika huo utaratibu Taria Topan angetuona wajinga, lakini yeye alikuwa na Sultani wa kumlinda, sisi tuna majirani.

Tuna jibu pia kwa ndugu zetu tuliowakuta huku, waliobaki wakati sisi tulikimbia, na ambao wengine wanasoma jarida hili. Mnasema tumeleta mambo ya Tanzania. Mchele mnaokula, maembe mliyokalia kivuli chake, Kiswahili mnachotuambia nacho turudi, vyote vilipita njia ileile tuliyopita sisi, na kwa bei ya watu wetu wote. Hatuombi jina la kashata liwe silaha ya kudai shamba. Mambo ya shamba yana wazee wake na barza zake. Tunachokataa ni kwamba mtu aonekane mgeni kwa ajili ya sinia.

Mapendekezo ya jina yaliyofika mpaka sasa ni matatu: “Kashata ya Kigoma”, “Kashata ya Kasongo”, na moja lililotoka kwa vijana, “Kashata ya Njiani”. Watu wa Kabambare wamelalamika kwamba la pili linawasahau, na wana haki, sababu msafara ulipita kwao kwanza. Kura itapigwa Kasongo na Kabambare siku moja, ili upande mmoja usisikie matokeo ya mwingine kabla. Kila kundi lilete vipande kumi vya kuonja, vya kalanga na vya ufuta, katika mkebe wenye kifuniko cha kubana, maana mvua bado ipo na mara ya mwisho vilifika vimeshikana.